Albert Howard: Mtaalamu aliyegeuza taka za shamba kuwa mbolea

MKULIMA mdogo anayepeleka majanichai katika kiwanda cha Kapkatet, Kaunti ya Kericho, hukatwa katika malipo yake gharama ya mbolea ya NPK inayoagizwa kutoka ng'ambo. Wakati huohuo, mkojo wa ng'ombe wake hupotelea ardhini zizini. Hasara ya namna hiyo ndiyo iliyomshughulisha Mwingereza Albert Howard kwa miaka mingi.

Howard alizaliwa Desemba 8, 1873, katika familia ya wakulima wa Shropshire. Baada ya masomo Cambridge alitumwa West Indies kuchunguza magonjwa ya mimea, na huko akakereka kwamba alitoa ushauri ilhali hakuwa na shamba la kuujaribia.

Shamba alilipata mwaka 1905 huko Pusa, India. Aliona kuwa mazao ya wanavijiji jirani hayakushambuliwa sana na wadudu ingawa hawakutumia dawa, naye akawafanya walimu wake. Mkewe Gabrielle, aliyekuwa mtaalamu wa mimea, alishirikiana naye kuzalisha aina bora za ngano. Si haki kwamba jina lake hutajwa kwa nadra.

Mwaka 1924 walihamia Indore. Huko magugu na mabaki ya mazao yalitandikwa chini ya ng'ombe, kisha yakachanganywa shimoni na samadi, majivu ya kuni na udongo wa zizi uliolowa mkojo. Udongo huo ulichimbwa makusudi na mwingine ukawekwa mahali pake. Lundo lilinyunyiziwa maji, likageuzwa mara tatu ili lipate hewa, na baada ya miezi mitatu hivi mboji ilikuwa tayari.

Gabrielle alifariki mwaka 1930. Mwaka uliofuata Howard alichapisha kitabu kuhusu mbinu hiyo pamoja na msaidizi wake Mhindi, Yeshwant Wad.

Afrika, mbinu hiyo ilianzia Kenya. Februari 1933, shamba la kahawa la Kingatori, karibu na Kiambu, lilianza kutengeneza mboji kwa agizo la mmiliki wake, mlowezi mashuhuri Ewart Grogan. Howard mwenyewe, akiwa ziarani, alishuhudia mwanzo wa kazi hiyo. Katika chai, mashamba ya Kanan Devan, kusini mwa India, yalikuwa miongoni mwa yaliyotangulia. Yalikuwa ya James Finlay, kampuni iliyofungua pia mashamba Kericho miaka ya 1920.

Howard alitunukiwa cheo cha Sir mwaka 1934, lakini wanasayansi wengi walimpinga, na hawakukosa sababu. Alidai mboji ingekinga mimea, mifugo na hata binadamu dhidi ya maradhi, akitegemea zaidi aliyoyaona kuliko majaribio yaliyopimwa. Isitoshe, chai huchunwa kila wiki moja au mbili, na kila mchuno huondoa naitrojeni shambani. Mboji ya ng'ombe wawili haiwezi kuirudisha yote, ingawa hupunguza magunia ya kununua na kuupa udongo uwezo wa kushika maji. Kazi ya kugeuza lundo nayo ni nzito.

Alifariki Oktoba 20, 1947. Mjane wake Louise, dada yake Gabrielle, alichapisha mwaka 1953 kitabu kuhusu kazi ya Howard nchini India.