Daktari Burkitt na uvimbe wa taya: Seli zinazokataa kufa

Mtoto akivimba shavu, iwe Likoni, Kisauni au Changamwe, mzazi hufikiria jino kwanza. Mara nyingi huwa ni jino kweli. Lakini upo uvimbe mwengine, wa saratani, unaokua kwa kasi mno. Aliyeutambulisha kwa ulimwengu alifanya kazi papa hapa Afrika Mashariki: Denis Burkitt.

Burkitt alizaliwa mwaka 1911 mjini Enniskillen, Ireland. Alipoteza jicho moja utotoni, na bado akawa daktari wa upasuaji. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alihudumu katika jeshi la Uingereza, Kenya na Somalia. Mwaka 1946 alihamia Uganda, kwanza Lira, kisha hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 aliitwa amtazame mtoto wa kiume aliyevimba taya zote, juu na chini, kushoto na kulia. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, alimwona mtoto mwengine mwenye uvimbe kama ule, na tumboni pia. Alipopekua mafaili ya wagonjwa, alitambua kuwa haya ni maradhi mamoja.

Alituma barua kwa hospitali nyingi barani. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walisafiri kilomita 16,000 hivi hadi Afrika Kusini kwa gari kuukuu la pauni 250. Jibu lilikuwa wazi: maradhi hufuata joto, mvua na nyanda za chini, yaani hufuata malaria. Kwa Kenya, ni huku kwetu Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria.

Sampuli za uvimbe zilianza kupelekwa London kwa ndege, kwa mtafiti Anthony Epstein. Desemba 1963 ukungu uliilazimisha ndege itue Manchester. Chupa ilipofika hatimaye, maji yake yalikuwa yamechafuka kama yaliyooza. Badala ya kuyamwaga, Epstein aliyatazama kwa darubini: zilikuwa seli za saratani, hai, zikielea. Zilifugwa maabara zikaendelea kuzaana. Mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr waliona virusi ndani yake.

Seli ya kawaida ina ajali yake. Hugawanyika mara kadhaa, huzeeka, na ikiharibika hujiua isije ikaudhuru mwili. Virusi vya Epstein-Barr, ambavyo karibu kila mtu mzima anavyo, huingia katika seli nyeupe za kinga na kuzisaidia zisife. Kwa wengi wetu mwili huvidhibiti. Malaria ya mara kwa mara huzichochea seli hizo zizaane ovyo huku kinga ikilegea. Katika pirika hizo, jeni iitwayo MYC huweza kung'oka mahali pake na kupachikwa pengine, ikaisukuma seli igawanyike bila kupumzika. Seli iliyosukumwa hivyo ingepaswa kujiua. Ikiwa imepata kinga ya virusi, hustahimili, na saratani huanza.

Mulago haikuwa na mashine ya mionzi, kwa hivyo Burkitt alijaribu dawa. Watoto wengine walipona kwa dozi chache tu, jambo lililowashangaza madaktari wa nchi tajiri. Aliondoka Uganda mwaka 1966, akajulikana tena kwa kuhimiza watu wale vyakula vyenye nyuzinyuzi, na akafariki mwaka 1993.

Alichotuachia ni onyo na tumaini. Uvimbe huu huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, lakini dawa zake zipo na ukiwahiwa hutibika. Mtoto akivimba taya, meno yakalegea, jicho likatokeza au tumbo likajaa, asisubirishwe nyumbani kwa dawa za kusukutua. Apelekwe hospitali wiki hiyo hiyo. Na chandarua kisishushwe kwa sababu mvua zimepita.