As-Samawal na vipeo vya aljebra

Kila mwaka, katika darasa la maarifa ya Uislamu hapa Shinyanga, husikia kauli ileile: hisabati ni elimu ya Wazungu, sisi tuhifadhi dini yetu. Wanaosema hivyo ni vijana ambao kesho utawakuta Geita wakibeba viroba vya mawe. Huwajibu kwa kuwatajia As-Samawal ibn Yahya al-Maghribi.

Alizaliwa Baghdad yapata mwaka 1130. Baba yake alikuwa mwanachuoni wa Kiyahudi aliyetoka Fez, Morocco. Kijana alisoma utabibu na hesabu, akafika mahali ambapo Baghdad nzima haikuwa na mwalimu wa kumvusha mbele katika kitabu cha Euclid. Akajisomea mwenyewe. (Wanaolalamika kuwa shule yao haina mwalimu wa hisabati, na ni kweli nyingi hazina, wamzingatie.) Akiwa na miaka 19 tu aliandika Al-Bahir, kitabu cha aljebra.

Ndugu msomaji, Waislamu wa zama zile hawakuandika x. Namba isiyojulikana waliiita shay, yaani kitu. Kipeo chake cha pili waliita mal, neno hilihili letu la mali. Cha tatu kaab, mchemraba, neno la asili moja na Al-Kaaba. Al-Karaji alikuwa ametangulia kushughulikia vipeo hivi. As-Samawal akavipanga katika jedwali: moja katikati, upande mmoja kitu, mali, kaab na kuendelea, upande wa pili sehemu ya kitu, sehemu ya mali, sehemu ya kaab.

Ukitaka kuzidisha mali kwa kaab, unahesabu hatua mbili kisha tatu, unafika safu ya tano. Ukigawanya unarudi nyuma. Mali ukiigawa kwa kaab unaivuka moja na kuangukia sehemu ya kitu, ambayo leo mwanafunzi wa kidato cha pili anaiita kipeo cha hasi moja.

Na si hesabu ya hewani. Tani moja ni gramu 10 kwa kipeo cha 6. Mwamba wenye gramu 5 za dhahabu kwa tani ni 5 mara 10 kwa kipeo cha hasi 6. Mchimbaji wa Nyarugusu asiyejua kugawanya hivyo hupokea bei anayotajiwa na mwenye mzani. Huo ndio msiba ninaouona mimi.

As-Samawal aliishi kwa utabibu, akisafiri. Moyo wake ulikwisha kuuelekea Uislamu, lakini alichelewa kuutangaza kwa kuchunga heshima ya baba yake. Alisilimu Novemba 1163 (558 Hijria), akiwa Maragha, Uajemi. Huko ndiko alikofia, yapata 1180. Inaelezwa aliandika vitabu na risala 85, na vingi vimepotea. Al-Bahir kilisalimika, kikachapishwa Damascus mwaka 1972.