Jan Wils na Mnara wa Moto

Mwulize mwanafunzi yeyote hapa Bahati moto wa Olimpiki ulianzia wapi, atakujibu Ugiriki. Hata mimi nilijua hivyo tu, mpaka niliposoma habari za Jan Wils.

Bwana huyu alizaliwa Alkmaar, Uholanzi, mwaka wa 1891, akawa msanifu majengo. Alikuwa miongoni mwa wanachama wa mwanzo wa kundi la De Stijl, watu wa kupenda mistari iliyonyooka. Alipopewa kazi ya uwanja wa Olimpiki ya 1928 mjini Amsterdam, aliujenga kwa matofali, kisha nje akasimamisha mnara mwembamba wa zaidi ya mita 40. Juu kabisa akaweka bakuli kubwa. Humo ndimo moto wa Olimpiki za kisasa ulimowaka mara ya kwanza. Na wala haukuletwa na mwanariadha, jamani! Uliwashwa na mfanyakazi wa jiji tu. Mbio za kuuleta kutoka Ugiriki zilianza 1936, Berlin.

Wils alipata medali ya dhahabu, maana siku hizo hata usanifu ulishindaniwa. Alifariki 1972. Baadaye wakubwa wa jiji wakataka kuubomoa uwanja wajenge nyumba. Watu wakakataa katakata, na 1992 ukawekwa chini ya ulinzi wa serikali. Mimi nashukuru, kwa sababu marathoni ya Amsterdam huishia humo. Wilson Chebet wetu aliishinda mara tatu mfululizo, 2011 hadi 2013, mnara ule ukimtazama.