Bartimayo wa Yeriko

Yapata mwaka 30 baada ya Kristo, palikuwa na kipofu katika mji wa Yeriko, jina lake Bartimayo. Maana ya jina hilo ni mwana wa Timayo, kwa kuwa neno bar katika lugha ya Kiaramu ni mwana, kama Waswahili wasemavyo bin.

Yeriko, mji wa mitende, uko katika bonde la mto Yordani, chini kuliko usawa wa bahari. Kutoka huko njia hupanda milimani mpaka Yerusalemu, mwendo wa maili 15 na zaidi. Kila mwaka, sikukuu ya Pasaka ilipokaribia, wasafiri wengi walipita njia hiyo. Torati iliwaamuru Wayahudi wasimfumbie maskini mkono. Kwa hiyo Bartimayo aliketi kando ya njia akiomba sadaka. Sadaka ilimpa chakula cha siku moja, na kesho yake ilimlazimu kuketi tena mavumbini.

Siku moja alisikia kishindo cha mkutano mkubwa. Alipojua ya kuwa ni Yesu wa Nazareti, alipaza sauti, akamwita Mwana wa Daudi, akamsihi amrehemu. Wengi wakamkemea anyamaze, lakini yeye akazidi kupaza sauti. Yesu akasimama, akaamuru aitwe.

Bartimayo akatupa vazi lake, akaruka, akamwendea. Vazi la maskini lilikuwa nguo yake ya mchana na shuka yake ya usiku. Hata Torati ilimwamuru mtu aliyeshika vazi la maskini kuwa rehani alirudishe kabla ya jua kuchwa. Kipofu akitupa nguo yake penye watu wengi, kisha akarudi angali kipofu, ataipataje tena?

Yesu akamwuliza ataka nini. Mwombaji yule angeweza kuomba fedha, akashiba siku nyingi. Tena mtu mwenye macho mazima hapewi sadaka. Hana budi kufanya kazi, ale jasho lake. Lakini Bartimayo hakuomba fedha. Aliomba apate kuona. Yesu akamjulisha ya kuwa imani yake imemponya, akampa ruhusa aende zake. Na mara hiyo macho yake yakaona.

Hakurudi kuketi kando ya njia. Alimfuata Yesu katika njia ile ya kwenda Yerusalemu, akitembea pasipo kushikwa mkono.

Mathayo na Luka nao husimulia habari za kuponywa kwa vipofu huko Yeriko, lakini hawataji jina. Marko ndiye aliyeliandika, katika sura ya 10 ya Injili yake. Basi mtu yule aliyekuwa kipofu wa njiani tu machoni pa wapitaji, hujulikana hata leo kwa jina lake na jina la baba yake.