Mkeka wa yoga: Somo kutoka maisha ya Krishnamacharya

Mtu akiamua kuanza yoga, mara nyingi jambo la kwanza analofanya ni kununua mkeka. Anachagua rangi, anauliza bei, analipa. Aina ya yoga atakayofanya na hali ya mwili wake huvifikiria baadaye, wakati mwingine magoti yakiwa yameshaanza kuuma. Kabla hujafika dukani, fuatana nami katika maisha ya mwalimu ambaye sehemu kubwa ya yoga inayofundishwa leo kwenye kumbi za mazoezi duniani ilipitia mikononi mwake.

Tirumalai Krishnamacharya alizaliwa Novemba 18, 1888 katika kijiji cha Muchukunte, kusini mwa India, eneo ambalo sasa ni jimbo la Karnataka. Baba yake alimwanzishia Kisanskriti na yoga, lakini alifariki dunia mtoto akiwa na umri wa miaka kama 10. Familia ikahamia Mysore. Kijana huyo alisoma falsafa, mantiki na tiba ya asili ya Kihindi iitwayo ayurveda. Kwa maelezo yake mwenyewe, alikaa pia miaka kama saba kwa mwalimu wake wa yoga karibu na mlima Kailash, Tibet.

Elimu hiyo yote haikumletea kipato. Alipooa mwaka 1925, yoga haikuwa kazi ya kumlisha mtu na mkewe, hivyo akachukua kazi ya usimamizi katika shamba la kahawa. Mambo yalibadilika alipopata ufadhili wa Maharaja wa Mysore, Krishnaraja Wadiyar wa Nne. Mwaka 1933 alifunguliwa shule ya yoga katika Kasri la Jaganmohan, na mwaka uliofuata kikatoka kitabu chake, Yoga Makaranda.

Wanafunzi wake wengi pale kasri walikuwa wavulana na vijana wenye nguvu. Aliwafundisha mazoezi ya nguvu, mkao ukifuata mkao bila kusimama, pumzi ikienda sambamba na mwili. Mikeka ya mpira haikuwapo. Watu wa yoga walitumia zulia la pamba, mkeka wa majani, ngozi ya mnyama au sakafu tupu. Mkeka unaonata tunaoujua sasa ulitokana na tandiko la kuweka chini ya zulia huko Ulaya, miongo kadhaa baadaye.

Alikuwa mwalimu mkali kupita kiasi. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa shemeji yake, B.K.S. Iyengar, kijana dhaifu aliyekuwa ameugua malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Miaka mingi baadaye Iyengar alisimulia jinsi mwalimu alivyomwamuru kupasua miguu hadi chini mbele ya mgeni, akiwa hajaandaliwa. Misuli ya nyuma ya paja ilichanika na maumivu yakamkaa muda mrefu. Huo ndio mfano wa zoezi lililolazimishwa juu ya mwili usiolimudu, na majeraha ya namna hiyo sisi madaktari tunayaona hadi leo.

Kutoka katika shule ile zilitoka njia tofauti. Pattabhi Jois aliendeleza yale mazoezi ya nguvu yanayoitwa Ashtanga. Iyengar, aliyeujua udhaifu wa mwili kwa kuuishi, alijenga mtindo wa kukaa katika kila mkao kwa usahihi, akitumia matofali ya mbao, mikanda, viti na blanketi. Indra Devi, mwanamke aliyekubaliwa darasani baada ya mwalimu kumkataa kwanza, alifungua darasa Hollywood mwaka 1947 na kufundisha yoga ya upole zaidi.

Maharaja alifariki dunia mwaka 1940, na shule ikafungwa mwaka 1950. Krishnamacharya akiwa na zaidi ya miaka 60, mwenye familia na bila ajira ya kasri, alihamia Madras, ambayo leo ni Chennai. Huko aliitwa kumsaidia mwanasheria aliyepata kiharusi. Wanafunzi wake wapya hawakuwa vijana wa kasri. Walikuwa wagonjwa, wazee na watu wazima wenye kazi zao. Alianza kumpima kila mmoja peke yake: umri, pumzi, mapigo ya moyo, kazi na ugonjwa alionao, kisha akampangia mazoezi yake. Mwanawe, T.K.V. Desikachar, aliiendeleza njia hiyo. Yule aliyewahi kuulazimisha mwili ufuate zoezi sasa alikuwa akilikata zoezi litoshe mwili.

Mkeka nao uchaguliwe hivyo hivyo. Ukifanya mazoezi ya nguvu yanayotoa jasho jingi, tafuta mkeka unaoshika vizuri hata ukilowa. Wengi hutandika juu yake zulia jembamba la pamba linalonyonya jasho. Kiganja kikiteleza wakati uzito wote uko mikononi, bega na kifundo cha mkono ndivyo vinavyoumia.

Ukifuata mtindo wa kusimama na kukaa katika mkao kwa muda, mkeka wa milimita 3 hadi 5 ulio imara unatosha. Usidhani mnene zaidi ni bora zaidi. Mkeka laini kama godoro huufanya mguu uyumbe unaposimama kwa mguu mmoja, na kiganja kikizama, kifundo cha mkono hujikunja zaidi. Kwa mzee, kuyumba huko kunaweza kuishia katika kuanguka.

Ukifanya mazoezi ya upole, ya kulala, kukaa na kupiga magoti, au ukiwa na magoti yenye maumivu, milimita 6 au zaidi itakufaa. Unaweza pia kubaki na mkeka mwembamba na kukunja blanketi chini ya goti, kama alivyofanya Iyengar. Asiyeweza kushuka sakafuni aanze kwenye kiti kisichoyumba, mkeka ukiwa chini ya nyayo zake.

Pima urefu pia: mikeka mingi ina sentimita kama 173, kwa hiyo mtu mrefu atafute zaidi. Kama huwashwa au kuvimba ukivaa glavu za mpira, epuka mkeka wa mpira asilia. Osha mkeka kwa sabuni kidogo na maji, uukaushe, na usiazime ovyo, kwa kuwa fangasi wa ngozi husambaa kwa vitu vya kuchangia.

Krishnamacharya alivunjika nyonga akiwa na umri wa miaka 96. Alikataa upasuaji na akajipangia mazoezi ya kitandani. Aliishi hadi Februari 1989, akiwa amefikisha miaka 100. Hapo naomba msomaji usimuige. Mzee akianguka na kushindwa kusimama, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu nyonga iliyovunjika ikiachwa humlaza mtu, na kulala kwa muda mrefu huleta nimonia, vidonda na damu kuganda kwenye mishipa.

Kama una shinikizo la damu, presha ya macho, ujauzito au maumivu ya mgongo, zungumza na daktari wako kabla ya kuanza, hasa kabla ya mikao ya kichwa chini miguu juu. Kisha mweleze mwalimu hali yako, jaribu madarasa mawili matatu kwa mkeka wa pale ukumbini ukiwa umetandika taulo lako safi, na ukishajua mwili wako unafanya yoga gani, ndipo uende dukani.