Owen Edwards na Kibao cha Shingoni

Katika kisiwa kile kile chenye Uingereza, upande wa magharibi, iko nchi ndogo ya milima, jina lake Wales. Wenyeji wake ni Wawelisi, nao wana lugha yao ya tangu kale, Kiwelisi, isiyosikilizana hata kidogo na Kiingereza. Huko ndiko alikozaliwa Owen Morgan Edwards, siku za Noeli mwaka 1858, wakati wa enzi ya Malkia Victoria.

Kijiji chao huitwa Llanuwchllyn, maana yake kanisa lililo juu ya ziwa. Baba yake alikuwa mkulima maskini, na watu wa huko waliishi kwa mashamba madogo na kondoo wa milimani. Wengi wao walikuwa Waprotestanti. Kila Jumapili, wazee kwa watoto, walikusanyika kujifunza kusoma Maandiko kwa Kiwelisi, na kuimba kwa sauti nne zilizopatana vizuri. Hivyo mtu asiye na ng'ombe hata mmoja aliweza kuwa msomaji hodari.

Lakini shule ya siku za kazi ilikuwa mambo mengine. Mwaka 1847 serikali ilikuwa imetoa taarifa juu ya shule za Wales. Watu watatu walitumwa kuzikagua, wala hakuna hata mmoja wao aliyejua Kiwelisi. Waliandika kwamba lugha hiyo ni kizuizi cha maendeleo, tena wakawasingizia wenyeji ujinga na tabia mbaya. Wawelisi waliumia sana mioyoni, wakayaita mambo hayo usaliti wa vitabu vya buluu, kwa sababu ya rangi ya majalada yake.

Owen alipoingia shuleni hakujua Kiingereza. Aliponena kwa lugha ya mama yake, alivikwa shingoni kibao cha mti chenye kamba. Desturi ya kibao ilikuwa hivi: aliyekivaa alitega sikio, na akimsikia mwenzake akisema Kiwelisi, alimshitaki, na kibao kikahamia kwa yule mwingine. Jioni, yule aliyekutwa nacho alichapwa fimbo. Haikuwa sheria ya serikali. Ni walimu wenyewe waliofanya hivyo, na wazazi wengi walikubali, kwa kuwa walitaka watoto wao wapate kazi kwa Kiingereza. Sisi tulio walimu tuitazame vema hila hiyo. Kibao hakikumfundisha mtoto Kiingereza, kilimfundisha kumpeleleza mwenzake aliye mdogo kuliko yeye.

Owen angeweza kujiponya kwa urahisi. Watoto wote pale walisema Kiwelisi. Ilimpasa kumtaja mmoja tu. Hakutaka. Alipokuwa mtu mzima alisimulia kwamba kibao hakikutoka shingoni mwake, naye alichapwa kila siku shule ilipokwisha.

Hata hivyo hakuichukia elimu. Alisoma Bala, kisha Aberystwyth na Glasgow, na mwisho Oxford, mji wa wataalamu wa Uingereza. Mwaka 1887 alishinda mtihani wa historia katika daraja la kwanza, na baada ya miaka 2 akawa mwalimu huko huko. Angeweza kusahau kwao. Badala yake, mwaka 1891 alianza kutoa gazeti la kila mwezi kwa Kiwelisi, na mwaka 1892 akaanzisha jingine la watoto, liitwalo Cymru'r Plant, yaani Wales ya watoto. Aliandika kwa maneno mepesi ya watu wa vijijini, ili mchunga kondoo asome bila kuhitaji mfasiri.

Mwaka 1907 serikali ilimweka kuwa mkaguzi mkuu wa shule za Wales. Basi yule mtoto wa kibao alipewa kuziangalia shule za nchi nzima, naye akawahimiza walimu kufundisha Kiwelisi na kukitumia darasani. Kazi hiyo haikwisha mikononi mwake. Tayari mwaka 1911 wasemao Kiwelisi walikuwa wamepungua chini ya nusu ya wakaaji wote.

Alifariki kijijini kwao mwaka 1920. Miaka 2 baadaye mwanawe Ifan, katika kurasa za gazeti lile la watoto, aliwaita watoto wa Wales waunde chama cha kutumia lugha yao bila haya. Chama hicho, Urdd Gobaith Cymru, kipo hata leo.