Mama Minnie Spotted-Wolf: miaka 4 ya jeshi, miaka 29 ya darasa



Mara hii tunawaletea maisha ya mama mmoja wa mbali sana, wa jimbo la Montana, Marekani ya kaskazini, karibu na mpaka wa Kanada. Alikufa 1988. Tumemuchagua kwa sababu alienda kwenye jeshi wakati wa vita, akarudi kwao, na yale aliyofanya kisha kurudi yanatuhusu sisi sana.

Minnie Spotted-Wolf alizaliwa 1923 karibu na kijiji cha Heart Butte, kwenye ardhi ya watu wa kabila la Blackfeet. Hao ni wenyeji wa kwanza wa sehemu ile. Zamani nchi yao ilikuwa kubwa, wakiwinda nyati. Mwishowe serikali iliwabakishia eneo moja tu. Wakati Minnie anazaliwa, sheria ya kuwatambua wenyeji wote wa asili kuwa raia wa Marekani ilikuwa bado. Ilitoka 1924, yeye tayari ni mtoto wa kubebwa mgongoni. Kwetu wapo watu waliowahi kuulizwa karatasi ya uraia wakiwa wamesimama kwenye shamba la babu yao. Hao hawana lazima ya maelezo mengi hapa.

Baba yake alikuwa na shamba kubwa la mifugo, na binti hakulelewa kwa kukaa jikoni tu. Alikata miti ya kutengeneza uzio, alisaidia kujenga madaraja, aliendesha kamyo ya tani 2, na alifundisha farasi wakali mpaka wakubali kupandwa. Yote hayo kwenye nchi ya baridi kali na theluji. Hakuna aliyemupa cheti cha kazi hizo. Zilikuwa kazi za nyumbani tu.

Desemba 1941 Wajapani walipiga bandari ya Pearl Harbor, na Marekani ikaingia vitani. (Mwaka huohuo babu zetu wa Force Publique walikuwa wamepigana na Waitalia huko Abisinia.) Minnie alikuwa na miaka 18. Alienda kuomba kuandikishwa, lakini mwandikishaji akamurudisha, akimwambia kwamba vita ile si ya wanawake.

Kumbe vita yenyewe ilibadilisha mawazo ya wakubwa. Wanaume walikuwa hawatoshi. Mwezi wa pili 1943 jeshi la Marines lilifungua kikosi cha wanawake, ili washike kazi za kambini na wanaume waende mbele. Mwezi wa saba mwaka ule Minnie aliandikishwa, akawa mwanamke wa kwanza wa wenyeji wa asili kuingia Marines. Mazoezi aliyafanyia Camp Lejeune, jimbo la North Carolina. Yalikuwa magumu, ila maisha ya shamba yalikuwa yamekwisha kumukomaza.

Wakamupa usukani. Kwa miaka 4 aliendesha magari na mashine nzito, akipakia na kusafirisha vifaa California na Hawaii. Siku zingine aliendesha jipu ya majenerali waliokuja kutembelea kambi. Wakati ule mashine nzito zilihesabiwa kuwa kazi ya wanaume. Jina lake lilijulikana haraka: 1944 gazeti moja la wasichana lilichapisha maisha yake kwa michoro. Jeshi lilifurahi kumuonyesha, juu picha yake ilisaidia kuvuta wengine.

Mwaka 1947 akavua uniformu. Hapa ndipo hadithi nyingi za askari zinaishia: karudi nyumbani, watu wakafurahi, mwisho. Kwa Mama Minnie, ndipo kazi ndefu ilipoanza.

Alirudi Montana, akaolewa na mkulima, wakazaa watoto 4. Kisha akarudi kwenye masomo. Alisoma College of Great Falls, na 1955, akiwa na miaka 32 hivi, akapata cheti cha miaka 2 cha kufundisha shule ya msingi. Akaanza kufundisha watoto kwenye shule za maeneo ya wenyeji, mara nyingi zile shule za kijijini zenye chumba kimoja, ambamo mwalimu mmoja anakuwa na wadogo na wakubwa pamoja. Hakuishia na kile cheti cha kwanza. Mwaka 1976, akiwa na miaka 50 na zaidi, akamaliza digrii yake. Na farasi hakuacha: hata umri ule wanaume wengi walishindwa naye.

Alifundisha kwa miaka 29. Alikufa akiwa na miaka 65. Mwaka 2019 jimbo la Montana liliipa sehemu ya barabara kubwa ya US 89 jina lake, kwa hiyo madereva wa leo wanapita chini ya jina la mama aliyejifunza usukani kwa kamyo ya baba yake.

Ndugu zetu, tupige hesabu. Jeshi lilichukua miaka 4. Toka siku aliyorudi mpaka kupata kile cheti cha kwanza, ilipita miaka 8. Kama kungekuwa na mradi wa kufuatilia waliorudi kwa miezi 6 tu, ripoti ingemuandika mama wa nyumbani, na dosye ingefungwa. Sisi tunaozunguka vijijini tunaziona dosye kama hizo. Mama karudi na watoto, kapewa sahani, turubai na jembe, kahesabiwa, basi. Lakini huko alikokimbilia alijifunza kushona, au kuzalisha wamama, au lugha mbili. Hakuna aliyemuuliza.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Kwa wanamemba: kwenye fishi ya kuandikisha waliorudi, tuongeze swali moja baada ya jina na hesabu ya watoto: unajua kufanya kazi gani? Kwa wafadhili wetu: sahani na turubai tunazishukuru sana, zinasaidia usiku wa kwanza. Tunaomba mubaki nasi pia kwenye mwaka wa 8, wakati mama mmoja wa kwetu atakapotaka kurudi kwenye masomo na kukosa pesa ya minerval.